Fupisha, Mzee, Huku Chini Kuna Baridi

Mtu aliyelala kaburini alinyanyua kichwa, akanitazama.

Akasema, "Mzee, fupisha. Huku chini kuna baridi."

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa lile kaburi, karatasi mkononi, miwani puani, nasoma wasifu wa marehemu. Watu wamejaa. Katekista ameshika kitabu chake anangoja zamu. Na sauti ikatoka shimoni.

Ndugu msomaji, usikimbie. Marehemu alikuwa pembeni ndani ya jeneza lake, ametulia, hana ugomvi na mtu. Aliyekuwa kaburini alikuwa mzima wa afya kuliko mimi. Amelala chali, kofia ameifunika usoni, amegoma kutoka mpaka apewe chochote.

Kwetu kusini jambo hilo halimshangazi mtu. Ni kazi ya watani. Msiba ukitokea, watani wanakuja kuuvuruga. Mmoja atavaa koti la marehemu atembee kama yeye. Mwingine atalia kwa sauti kubwa kwamba marehemu ameondoka bila kumaliza kumsengenya. Na mmoja, mwenye roho ngumu kuliko wenzake, ataingia kaburini aseme shimo hili amelipenda, ni lake, marehemu atafutiwe lingine.

Mnamtupia sarafu, anatoka, marehemu anaingia. Wafiwa wamepata kucheka kidogo kabla ya udongo.

Mimi ni Mmwera. Wangoni ni watani zetu tangu mababu walipochoka kupigana. Kwa hiyo yule mtu aliposema "fupisha", sikubabaika hata kidogo.

Nilimjibu pale pale: "Lala wewe, Mngoni! Hilo ndilo shamba pekee utakalopata Ruangwa!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akairudisha kofia usoni.

Kicheko kile nilikilipia baadaye, na riba juu.

Naitwa Eliudi, naishi Nachingwea mjini. Haya unayoyasoma nayaandika mwenyewe kwenye simu, kwa kidole kimoja, na nukta naziweka mimi. Nasema hivyo kwa sababu humu mtandaoni kuna vijana wanaodhani kila mzee ni wa kuandikiwa.

Sikusoma utotoni. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, darasa la jioni, elimu ya watu wazima. Nikapanda taratibu mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Siku ya mtihani mtoto mmoja aliniamkia "shikamoo mwalimu" akidhani mimi ndiye msimamizi. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia akae vizuri, halafu na mimi nikaenda kukaa kwenye dawati la nyuma yake.

Cheti changu kiko ukutani sebuleni. Ukiingia kwangu utakiona kabla hujaiona picha yetu ya harusi. Mke wangu, Magreti, ana maneno yake kuhusu jambo hilo, lakini leo hatuyaandiki.

Kwa elimu hiyo nikawa mwandishi na msomaji wa wasifu za marehemu. Mtu akifariki, Nachingwea au Ruangwa, Mwislamu au Mkristo, wafiwa wananipigia simu. Silipwi. Nakula wali wa msiba kama wengine, ila mimi nawekewa kiti cha mbele.

Kiti cha mbele, msomaji, ni kitu kikubwa kwa mtu aliyekaa nyuma ujana wake wote.

Siku ile tulikuwa Namungo, huko Ruangwa, tunamzika Gabrieli. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu na mpenzi mkubwa wa mpira. Niliandika vyeo vyake vyote: mjumbe wa hiki, katibu msaidizi wa kile, mlezi wa kikundi fulani. Kwa kuwa mstari mmoja ulibaki mtupu chini ya ukurasa, nikajazia jambo nililosimuliwa na jirani yake asubuhi ile.

Nikasoma: "Timu yake ikifungwa, Gabrieli alizima redio, akaibeba nje, akaifungia bandani na mbuzi ikalale huko mpaka itubu."

Nikasikia watu wakicheka polepole. Nikachungulia kaburini. Yule mtani alikuwa bado na kofia usoni, lakini mabega yanatikisika. Nikajisemea, Eliudi wewe, hata aliyeko shimoni unamchekesha!

Nikageuza ukurasa, nikaendelea na vyeo.

Hapo ndipo aliponyanyua kichwa kuniambia nifupishe.

Wakati wa kurudi nilikaa kwenye gari na Linus. Linus ni fundi cherehani, duka lake limepakana na nyumba yangu. Huyu ni Mngoni halisi, wa Songea, wa kuzaliwa na kukulia. Na yeye siku hiyo alikuwa ametania mpaka sauti imemkauka.

Nikamuuliza, "Linus, yule wa kaburini ni ndugu yako?"

Linus akatazama nje dirishani.

"Aah, mzee," akasema. "Binadamu wote ni ndugu."

Nikaridhika.

Baada ya hapo nikawa namkuta yule mtu kila msiba wa upande wa Ruangwa. Jina lake Mudrik, anakaa Mbekenyera, mkulima wa korosho na ufuta. Hakuingia tena kaburini. Lakini watu wakishakula, lazima apite karibu na kiti changu.

"Mzee Eliudi, leo umetaja masomo yako mara mbili. Marehemu umemtaja mara moja."

Nacheka. "Mngoni huyu! Nenda kwenu ukanywe pombe yenu ya ulanzi!"

Msiba mwingine: "Hilo neno 'adhimu' ulilosoma, marehemu angekutana nalo njiani angelipisha."

Nacheka mpaka miwani inadondoka.

Msiba mwingine tena: "Umesema alikuwa mchapakazi, mcha Mungu na mpenda watu. Huyo ni nani? Hata ukiniita mimi kwa maneno hayo nitaitika."

"Ulanzi, bwana! Ulanzi utakumaliza!"

Yeye huwa ananitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. Anatikisa kichwa, anaondoka.

Nikifika nyumbani namsimulia Magreti tucheke wote. Yeye hacheki.

"Baba Jenifa, mbona anachosema ni kweli?"

"Mama Jenifa, mtani hasemi kweli. Mtani anatania."

"Na utani ukiwa kweli?"

"Basi hiyo ni bahati mbaya."

Akaendelea kuchagua mchele. Mwanamke akinyamaza na mchele mkononi, ujue amekuacha uendelee kupotea.

Faraja yangu ilikuwa Linus. Ni Mngoni, ndiyo. Lakini niliamini kwamba kwenye kazi yangu anaweka utani pembeni, kwa sababu ni mtu anayejua ubora akiuona.

"Mzee Eliudi," ananiambia huku anapiga cherehani, "ukisoma wewe, hata watoto wachanga wanalala."

"Asante, Linus."

"Wewe ukisoma, mtu anaiona milele kwa macho yake."

"Asante sana."

"Mimi binafsi, kila nikikusikia namwomba Mungu aniongezee siku. Nasema, Baba, nisiwahi kusomewa."

Nilimshukuru kwa mkono. Sifa hiyo niliirudia kwa watu wengi. Walinitazama, wakatazamana, wakasema, "Kweli Linus anakupenda."

Msomaji, najua wewe umeshaelewa. Mimi nilikuwa bado.

Basi siku moja dada yangu Prisca akapiga simu. Huyu ni mkubwa wangu, mjane, anakaa Mtua na mikorosho yake. Akishika simu anapiga kelele kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Eliudi! Wasifu wangu umeshauandika?"

Nikashtuka. "Dada, shikamoo! Kwani unaumwa?"

"Siumwi! Nataka nisikie! Mtanisomea nimekufa, nitajuaje kama umesema uongo?"

"Dada, haijawahi kutokea. Wasifu unasomwa mtu akisha..."

"Akisha nini? Sema."

Nikakohoa.

"Jumapili tukimaliza kuvuna ufuta. Jogoo nimeshamtenga. Mtua nzima nimeshaiambia."

Akakata simu.

Sasa elewa jambo moja. Dada Prisca ndiye aliyenisukuma nikasome. Wazazi walishaondoka, kaka zetu walinicheka, yeye peke yake ndiye aliyesema huyu atasoma. Misiba yote niliyosoma nilikuwa najizoeza kwa siku yake. Na mwenyewe atakuwa amekaa mbele yangu, macho makavu, masikio wazi. Nikiharibu, hatanisamehe kwa kunyamaza kama marehemu wengine.

Nikaandika kurasa nyingi. Maneno mazito. Nikaona zimepungukiwa na habari za utoto wake, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa mgongoni kwake. Magreti akanikumbusha kuhusu Ashura, somo yake dada, ambaye walichezwa unyago pamoja. Ashura yuko Mbekenyera.

Nikapanda gari mpaka Ruangwa, kutoka hapo nikachukua bodaboda. Kijana aliyenibeba nikamwambia anisubiri.

Nilimkuta Bibi Ashura barazani. Tukasalimiana, nikapewa kigoda. Hatujafika mbali, nikasikia mtu ndani ya nyumba analalamika kwamba mboga haina chumvi.

Analalamika kwa Kimwera. Tena kile Kimwera cha ndani kabisa, cha watu waliozaliwa wakakikuta kitandani.

Pazia likafunguka. Akatoka Mudrik na bakuli lake.

Nikacheka. "Ha! Mngoni! Kimwera umekiiba wapi?"

Akasimama. Akamtazama Bibi Ashura. Bibi Ashura akanitazama mimi.

"Mngoni nani?" Mudrik akauliza.

"Wewe."

"Mimi ni Mmwera. Baba Mmwera, mama Mmwera. Huyu ni dada yangu tumbo moja."

Kile kigoda kikawa kidogo ghafla.

"Na kule Namungo? Si uliingia kaburini?"

"Gabrieli alikuwa binamu yangu. Mtoto wa shangazi yangu. Binamu ni mtani wangu, lazima niingie kaburini kwake. Wewe ni nani kwangu mpaka nikutanie?"

"Kwa hiyo yale... ya masomo yangu. Ya 'adhimu'."

"Nilikuwa nakwambia."

"Mchapakazi, mcha Mungu..."

"Nilikuwa nakwambia, Mzee Eliudi. Wewe ukawa unanitajia ulanzi. Mimi hata pombe sinywi. Nikarudi nyumbani nikamuuliza Ashura, huyu mzee ana nini?"

Bibi Ashura akaitikia kwa kichwa. "Aliniuliza kweli."

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka tu yule kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, aliendesha kimya mpaka tukakaribia Ruangwa. Akashindwa kujizuia.

"Mzee wangu, kwa hiyo miaka yote mtu anakuchana, wewe unamchekea tu?"

"Endesha pikipiki."

"Noma sana."

Nilifika Nachingwea nikaenda moja kwa moja dukani kwa Linus. Cherehani inaimba.

"Linus! Ulijua kwamba Mudrik si Mngoni?"

Mguu ukasimama kwenye pedali.

"Nani asiyejua?"

"Mimi nilikuuliza! Kwenye gari!"

"Nikakwambia binadamu wote ni ndugu. Nilidanganya wapi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Linus akavua miwani yake, akaifuta kwa kipande cha kitenge. Nikaona anabana midomo.

"Mzee, kila msiba nakuona unamwambia Mmwera mwenzako akanywe ulanzi, naye anabaki ameduwaa. Halafu mimi, Mngoni, nikuzuie? Mababu zangu wangenifufukia."

Akacheka mpaka akainamia cherehani.

Hapo nikakumbuka jambo lingine.

"Linus. Na zile sifa? Watoto wachanga wanalala?"

Akaacha kucheka. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtani, msomaji, usiombe ikukute.

"Mzee Eliudi. Mimi ni nani wako?"

"Mtani."

"Ehe."

Nilivuka hatua chache mpaka kwangu nikiwa nimezeeka upya.

Nikatoa wasifu zangu za zamani, nikazisoma moja baada ya nyingine. Wote walikuwa wachapakazi. Wote wacha Mungu. Ukibadilisha majina, hakuna marehemu ambaye angelalamika. Nikaishika ile ya dada Prisca. Ukurasa wa kwanza una "adhimu", na jina langu linakuja kabla ya lake.

Nikatazama cheti ukutani. Mara ya kwanza nikaona jinsi fremu ilivyopinda.

Kalamu ikagoma. Kila neno nikiliandika namsikia Mudrik, nikilifuta namsikia Linus. Siku zikaenda, ufuta ukaanza kukatwa, karatasi nyeupe.

Nikampigia dada.

"Dada, mtafute mtu mwingine. Mwalimu wa shule hapo Mtua anaweza. Mimi kazi hii siijui. Nilikuwa najidanganya."

"Nani kasema?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Basi na mimi sifi," akasema.

"Dada..."

"Kama hakuna wasifu, sifi. Mtanibeba mpaka mchoke."

Nikacheka bila kupenda.

"Eliudi, unamkumbuka Mwalimu Eusebio wa darasa la jioni? Alivyosema herufi zako ni kuku aliyekanyaga majivu?"

"Namkumbuka." Nani atasahau? Darasa zima lilicheka, na nusu yao walikuwa hawajui hata hizo herufi za kuku.

"Ulirudi ukasema shule basi. Nilikwambiaje?"

"Ulinipa ufagio, ukasema kama shule imenishinda nifagie uwanja."

"Kabla ya ufagio."

Nikakumbuka. "Uliniuliza, aliyekosea ni mimi au ni herufi?"

"Ukajibu?"

"Herufi."

"Nikakwambia kesho ipeleke kwa Eusebio ikanyooshwe, na wewe uende nayo kwa sababu haina miguu. Sasa huyo Mmwera wa Mbekenyera amesema kazi yako imepinda. Unaniletea mimi ya nini? Mpelekee yeye!"

Akakata simu. Dada hajawahi kuaga mtu kwenye simu.

Nililala na neno lile. Asubuhi Magreti akanikuta navaa shati la safari.

"Unakwenda msibani?"

"Mbekenyera."

Alinifungia mihogo ya kuchemsha, tena mingi, ya kumtosha na mtu mwingine.

Nilimkuta Mudrik uani, ametandika turubai, anakung'uta ufuta. Anashika fungu, analigeuza kichwa chini, analipiga kwa fimbo, mbegu zinamwagika kama mvua ndogo. Mabua anatupa pembeni.

"Bwana Mudrik," nikasema, "nimekuja unikosoe. Safari hii sitacheka."

Akanitazama kama anatafuta mtego. Akanionyesha kigoda.

Nikaanza kusoma zile kurasa zangu za mwanzo. Yeye anaendelea na ufuta wake. Nikamaliza ukurasa wa kwanza.

"Bado hajazaliwa?" akauliza.

"Anazaliwa ukurasa wa pili."

"Mlete mbele. Mama yenu amechoka kusubiri."

Nikakata. Iliuma, msomaji. Ulikuwa ukurasa wenye methali mbili.

Nikasoma tena. "Dada yangu ndiye aliyeniwezesha mimi kupata elimu adhimu, nikawa wa kwanza katika ukoo wetu kupata cheti cha..."

"Ngoja." Fimbo ikasimama hewani. "Huyu anayesomewa ni nani?"

Nikaishusha karatasi.

"Wewe ukiwa darasani jioni, dada yako alikuwa wapi?"

"Nje."

"Nje anafanya nini?"

"Anauza karanga."

"Jioni? Nani ananunua?"

Nikafikiri. Hakuna aliyenunua. Sikumbuki hata mtu mmoja. Nikamweleza Mudrik, na wakati namweleza ndipo na mimi nilipokuwa naliona vizuri jambo lenyewe. Dada aliketi ameegemea ukuta chini ya dirisha, mgongo kwetu, sinia la karanga mapajani. Alikuwa ananilinda nisitoroke. Na ndani tukisoma kwa sauti, midomo yake ilikuwa inacheza.

Mudrik aliweka fimbo chini.

"Hilo umeliandika ukurasa gani?"

"Sijaliandika."

"Kwa nini?"

"Niliona si jambo kubwa."

Akachukua muhogo, akaumega, akanipa nusu.

"Mzee Eliudi, nikwambie kwa nini nilikuwa nakufuata misibani? Nusu ya marehemu wale hata sikuwajua."

"Kunikosoa."

"Ile redio ya Gabrieli iliyolala na mbuzi. Ulipoisoma, Gabrieli alirudi. Nilimwona kabisa, na ile redio kwapani, amenuna. Halafu ukageuza ukurasa ukamzika na vyeo. Nikasema, mtu mwenye sentensi kama ile ni lazima anayo nyingine. Nimezunguka misiba ya watu nikiingoja."

Alirudi kwenye ufuta wake. Mimi nikatoa kalamu, nikageuza karatasi nyuma, nikaanza upya pale pale, mavumbi ya mabua yananidondokea kichwani.

Jumapili ikafika. Mtua walikuja kweli. Hakuna aliyewahi kuona wasifu wa mtu aliye hai, kwa hiyo hata wasiompenda dada walikuja. Yeye aliketi katikati, kitenge kipya, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Bibi Ashura pembeni yake. Magreti nyuma yao. Linus alikaa mbele kabisa, amevaa tai. Mudrik alisimama karibu na banda la kuku, kofia yake kichwani.

Nikasimama. Karatasi moja tu.

Nikasoma habari za utoto wake na Ashura, jinsi walivyotoroka kwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, wakarudi wameila yote njiani, wakaapa kwamba msituni haikuwepo. Watu wakacheka. Nikafika kwenye darasa la jioni.

"Dada Prisca hakuandikishwa shule. Alikaa nje ya dirisha na sinia la karanga ambazo hazikuwa za kuuza. Sisi tulisoma kwa macho, yeye alisoma kwa mgongo. Masomo yalipoisha, mimi nilipewa cheti. Yeye alipata mafua. Leo gari likipita barabarani anasoma maandishi yake yote kwa sauti, mpaka namba ya simu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza alijifunzia wapi."

Nikainua macho. Mudrik alikuwa ameivuta kofia, ameifunika usoni. Mabega yanatikisika.

Anacheka, nikajisemea. Kama kule kaburini. Ile sauti ya ndani ikaniambia, kaa chini mzee, umeharibu, mpe mwalimu wa shule karatasi.

Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Nikasoma mpaka nukta ya mwisho. Herufi ndiyo inayopinda. Mimi nilikuwa nimesimama wima.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Dada Prisca alikuwa anatazama mbele, kidevu juu.

"Mbona fupi?" akasema.

"Dada?"

"Mimi nimeishi miaka yote hii, ndiyo imekwisha hivyo? Rudia. Kuanzia pale kwenye sinia."

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Nikarudia. Safari ya pili dada alijifunika kitenge usoni, akasema ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa upande wa pili wa nyumba.

Linus akaja kunishika mkono. Nikamngoja.

"Mzee Eliudi," akasema kwa unyonge, "leo umeharibu kabisa. Sijapata hata lepe la usingizi."

Hiyo, msomaji, ndiyo sifa ya kwanza ya kweli niliyopata kwa Linus.

Nikamfuata Mudrik kule bandani. Alikuwa ameshavua kofia. Macho mekundu, mashavu yameloa, na wala hakujisumbua kuyafuta.

Ndipo nikaelewa.

"Mudrik. Na siku ile?"

"Siku ipi?"

"Kaburini. Namungo. Mabega yalikuwa yanatikisika hivi hivi. Nilidhani unacheka."

Aliipigapiga ile kofia gotini, akaivaa, akaiweka sawa.

"Kulikuwa na baridi," akasema.

Sasa wasia wa mzee kwa vijana mnaoandika, mnaochora, mnaoshona na mnaoimba. Mtu akiikosoa kazi yako, usilie haraka na usicheke haraka. Muulize kwanza kama ni mtani wako. Akisema siyo, mpe kigoda na muhogo, kwa sababu huenda ametembea mbali akikungoja. Na anayekusifia, muulize pia. Huyo muulize mara mbili.

Cheti changu bado kiko ukutani, fremu nimeinyoosha. Karatasi ya dada imebandikwa chini yake, na Magreti ameirudisha picha ya harusi juu ya vyote viwili. Sikubisha.

Linus ataisoma hii na kuandika hapo chini kwamba ni nzuri sana. Msimwamini.